Machozi Hayavaliki

Mimi nauza milango.
Kwa sarafu ishirini nakufungulia upenyo wa samawati
kutoka ngazi za benki hadi theluji ya kaskazini,
ukanyage upande wa pili kabla chai yako haijapoa.
Mchana nahesabu vidonge katika duka la dawa, mjini Bytom,
vya presha, vya vifua vya wachimbaji wastaafu;
usiku, mama akishalala, navaa joho, nasimama penye foleni.

Hakuna aliyetupanga. Waliotengeneza dunia hii
waliweka majoka, mapanga, mvua isiyolowesha;
hawakuweka mpagazi, wala fundi wa kufuli.
Hao tulikuwa sisi, tuliojiotea kama vibanda
popote penye watu wawili na shida moja.

Kushoto kwangu husimama Bohumír wa Ostrava,
ng'ambo ya mpaka, safari fupi ya treni nisiyowahi kupanda.
Yeye huvuta maiti.
Ukifa katika Pango la Risasi, mwili wako hubaki kule
pamoja na ngao, na pete, na miezi yako minane;
wewe unazukia getini na fulana na aibu.
Ndipo unapomsikia akinadi kwa Kiingereza chake cha kokoto,
nami kichwani humpangia vina, maana anastahili:

Uliyefia pangoni, mali yako ikabaki,
usikae mlangoni, machozi hayavaliki;
nitashuka mle ndani, kwa majoka sishituki;
hamsini mkononi, lipa kisha hudaiki.

Sheria yake ni moja: mwenye mwili aandike *naridhia*.
Pasipo neno hilo hagusi hata kidole.
Kuna kijana wa Tromsø aliyekuwa akivuta watu
na kuwaangusha katika mto wa moto, apate kucheka.
Bohumír hakumtukana. Alishusha bei wiki tatu
hadi yule akabaki anapiga kelele peke yake.

Februari, kati ya mteja na mteja, aliniambia kwa vipande:
miaka ishirini na miwili, kikosi cha uokoaji, mgodini.
"Kule hakuna anayeridhia," aliandika. "Unashuka tu."
Kisha: "Subiri. Mbrazili amefia darajani."

Mwili wa Tuulikki ulikuwa umelala chini kabisa,
penye maji meusi, upinde bado mkononi.
Tulimjua: alinunua milango yangu kila Jumamosi,
akilalamikia bei, akiongeza bakshishi.
Hakurudi getini. Hakuandika neno.
Mwili usiodaiwa hufutika siku ya saba.

Usiku wa kwanza Bohumír alikuja kwangu: "Mlango. Pangoni."
Aliweka ishirini. Nikazirudisha.
Akaziweka tena. "Kazi ni kazi."
Usiku wa pili vilevile, na wa tatu,
nami nikaacha kubishana, nikawa nazitia mfuko wa pembeni.
Hakuuvuta. Alikaa tu kando yake,
akiua buibui waliosogea,
huku wateja wakimwita juu, wakipandisha dau hadi mia.

Sijui kilichompata yule binti. Labda mtihani, labda mchumba,
labda kompyuta imeungua. Au lile jingine.
Hapa hatuna msiba; tuna jina lililogeuka kijivu.

Siku ya saba, saa kumi alfajiri na dakika kadhaa,
maji yalibaki maji.
Bohumír alipanda kwa miguu, hakuomba mlango,
na nilipokuwa nafunga joho niende kuwasha jiko
nikamsikia pale ngazini, sauti ileile, bei ileile.

Ule mfuko wa pembeni una sarafu mia na arobaini.
Sijazitumia. Mtu akinidai, nitajua la kusema;
hadi sasa hajanidai mtu.