Vifaa Vilivyotumika

Fomu ya wilaya, safu ya saba, inauliza:
Vifaa vya TEHAMA vilivyotumika katika somo.
Nafasi ya kujibu ni mstari mmoja,
mfupi kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza.
Ndugu Afisa, naomba nivuke mstari.

Projekta ipo. Imo kabatini, ndani ya boksi lake,
imelalia lile nailoni la vipovu
ambalo kidato cha pili wananiomba kila siku wakalipasue.
Betri ya sola ilikata roho mwezi wa tatu.
Vishikwambi ni vinne. Vinalijua neno la siri,
sisi hatulijui.

Basi Jumanne, saa nne, upepo wa Chilonwa
ukiwa umeanza kufundisha somo lake la vumbi,
niliwatoa wote arobaini na wanane
mpaka kisima cha zamani nyuma ya tanuri la matofali.
Maji yake ni ya chumvi, hayanywi mtu;
ng'ombe wenyewe huyanywa wamenuna.

Kifaa cha kwanza: kokoto.
Cha pili: simu yangu, kioo chake kina ufa
kama korongo la kiangazi.
Cha tatu: kimya. Hicho ndicho kilichonigharimu.
Jaribu wewe kuwanyamazisha arobaini na wanane
kwa sekunde mbili na nusu.

Yaledi akaachia. Nyemo akabonyeza.
Dubwi.
Mara saba tuliachia, mara saba tukaandika,
ya nne tukaifuta, mbuzi alipiga chafya.
Wastani: sekunde mbili nukta tano mbili.
Ubao ulikuwa ardhi, chaki ilikuwa kijiti.
Nusu ya mvutano, mara muda, mara muda tena:
mita thelathini na moja.
Makofi! Nami nikajipigia ya kwangu, moyoni.

Mbeleje hakupiga.
Baba yake hufyatua matofali pale,
kamba ya kisima anaijua kwa viganja.
"Mwalimu, hii ni pima kumi na sita."
Tukaitandaza, tukaipima kwa rula ya mita,
toka ukingoni hadi pale ilipolowa:
ishirini na tisa.
Mita mbili zimekwenda wapi?

Hapo darasa liligawanyika kama kijiji siku ya uchaguzi.
Wa simu wakasema kamba imepigwa jua, imesinyaa.
Wa kamba wakasema simu ya mkopo
ina tabia za mkopo: huongeza.
Mimi jibu nilikuwa nalo.
Ndugu Afisa, hili litafutie safu:
nilikuwa nalo, nikafumba mdomo,
na ulimi ukaniwasha kama nimetafuna pilipili.

Mbeleje aliinama, akaliita kisimani jina lake mwenyewe,
akalisubiri lirudi.
Akaliita tena.
"Mwalimu," bado ameinama,
"kokoto linashuka, sawa. Lakini ule mlio,
si nao unapanda?
Nao una safari yake.
Sisi tumelilipisha kokoto nauli ya wawili."

Niligeuka nikajifanya naangalia mbuzi.

Tangu siku hiyo sina raha nao.
Jana saa nane, Nghambi alipokwenda kugonga
lile rimu la lori tunaloliita kengele,
Mbeleje na wenzake walikuwa mwisho kabisa,
ng'ambo ya shamba la uwele, wameduwaa, macho kwa Nghambi.
Nilikwenda kuwafokea. Nikaduwaa nami.
Tuliuona mkono ukishuka,
tukaiona nyundo ikigusa chuma,
na hakuna kitu, hakuna,
mkono umekwisha kuanza kupanda tena
ndipo ngoo ikatufikia,
imechelewa, inahema.

Safu ya nane: Changamoto.
Betri.
Na kengele. Inagongwa, wanaisikia vizuri kabisa,
lakini hawaingii darasani
mpaka wamalize kuhesabu.