Boriti ya Watu Wanne

Hufika vikiwa vipande. Ibra, saa tano za usiku,
wagonjwa wa mchana wamekwisha kwenda zao:
boriti ya chuma, mita mbili na nusu,
miguu miwili yenye viatu vya raba,
makalio manne ya plastiki ndani ya nailoni,
na kimfuko cha nati ambacho daima
kimepungua moja au kimezidi moja.
Shibu ameshika mchoro. Mimi nimeshika spana.
Kiyoyozi kinanguruma kama mtu aliyenyimwa likizo.

Kazi yangu ni kuwaandalia watu pa kungojea.
Kwetu Muheza mgeni alipewa mkeka, maji,
na siku ya tatu jembe.
Hapa mgeni hupewa namba.

Mchoro unasema: kati ya kiti na kiti, mkono.
Wa alumini, boliti mbili, kaza mpaka mwisho.
Nilikuwa nalaani spana iliyonibana kidole
alipotokea Bi Thuwaiba kwenye korido ya dharura,
akacheka, akanipa pole kwa Kiunguja cha mama yake,
Kiswahili cha jikoni, kilichotunzwa
kama sufuria ya harusi.

“Hivi vyuma vya nini, mwanangu?”
“Mikono, mama.”
“Ya kushika, au ya kuzuia?”

Sikuwa na jibu. Mchoro nao haukuwa nalo.
Mumewe alikuwa ndani, mashine inamsafisha damu,
na yeye tangu magharibi ameketi wima kama alifu,
maana viti vya zamani navyo vilikuwa na mikono.

Shibu alipotoka kwenda kununua chai ya karaki
nilifungua boliti mbili, kisha mbili nyingine.
Mikono miwili tu. Viti vitatu vikawa kitanda.
Alijilaza ubavu, mkoba chini ya sikio,
akapitiwa kabla sijapanga spana zangu.

Asubuhi Shibu alihesabu. Akahesabu tena.
Nikasema boksi limekuja pungufu.
Alinitazama kwa muda wa mtu anayejua,
akaandika: pungufu.
Mkono mmoja natundikia taulo, chumbani Ghala.
Wa pili sijui ulikopotelea.
Nadhani anao Shibu.

Leo nimeketi mimi. Ofisi ya kazi, Maskati,
namba mia mbili na kumi na nne,
madai ya mishahara ya miezi mitatu
katika bahasha ya kaki iliyolowa jasho.
Viti ni vyetu. Hiki nakijua, nilikifunga miguu.
Shibu ni mia mbili na kumi na tano.
Kati yetu, mkono.

Naingiza vidole chini ya kiti kama daktari,
natafuta nati.
Imelegea nusu mzunguko.
Fundi gani aliyeikaza hii? Mimi.

Kuna jambo mchoro hauonyeshi:
boriti ni moja. Mmoja akiinuka,
watatu waliobaki hupanda kidogo, hushuka,
kama watu walioitikia swali
wasiloulizwa wao.
Kijana wa Kibangali wa mwisho kushoto ameitwa.
Tumetikisika. Shibu amefumbua macho,
amenitazama, amefumba.

Mia mbili na tisa.

Nakaza nati kwa vidole, mpaka vidole vinapoishia.
Kilichobaki kinataka spana.