Namba Arubaini na Mbili

Begi langu lilipotelea Houston.
Nikafika gatini Seattle na raba za turubai,
na Mariska wa ofisi ya wafanyakazi
akanitazama miguu kabla ya uso.
"Kwa hizo, jikoni utavunja shingo
kabla ya chakula cha jioni."

Crisanto, muosha sufuria, mtu wa Iloilo,
akavuta uvunguni mwa kitanda chake
viatu vyeusi, soli nene, namba arubaini na mbili.
Mimi ni wa arubaini.
Akakunja vitambaa viwili vya mezani,
vile vyeupe vya abiria wa ghorofa ya kumi,
akavisokomeza kwenye ncha.
"Cha kushoto kinavuja," akasema. "Utazoea.
Kesho saa kumi alfajiri."

Chini ya ulimi wa kiatu pana majina, wino wa kalamu nene:
Radoslav.
Ketut Suardana.
Bong, na moyo mdogo pembeni.
Kisha Delroy, limekatwa kwa mstari mmoja.

Niliuliza. Wakatazamana katikati ya mvuke,
Prisca wa Goa akaniongezea rundo la trei.
Basi nikajijibu mwenyewe:
maji, baridi, usiku.
Nikawa navaa kwa adabu, kama mtu anayeingia msibani.

Huku chini hakuna dirisha.
Nahodha hutangaza nyangumi, ubavu wa kulia,
nasi nyangumi tunamjua kwa sahani:
juu wakikimbilia kamera, mkanda husimama,
tukapata dakika saba
za kukalia ndoo zilizopinduliwa.
Hapo ndipo Prisca hutoa achari ya embe soksini,
Crisanto hugawa dagaa waliokatazwa na meneja,
na mtu husoma ujumbe wa mkewe kwa sauti,
akiruka mistari, nasi tukimzomea airudie.
Lugha tisa.
Inayotosha ni moja: "Moto! Nyuma yako!"

Jumatano ya sita, Skagway, mvua ya sindano.
Crisanto akanishika kwapa, aproni na povu vyote,
mpaka mlango wa mizigo.
Gatini alisimama jamaa wa koti la njano,
boksi la mikate kifuani,
akainua mguu mmoja juu kabisa, kama korongo,
atuonyeshe buti jipya.

"Huyo ndiye Delroy," Crisanto akasema.
"Alikwenda kununua kadi ya simu, akakuta mwoka mikate.
Mkataba ulipokwisha, akaja kumuoa."
"Na ule mstari?"
"Wivu wa Bong."

Mikate ilikuwa bado moto. Tuliirarua tukiwa wima,
mvua ikitupiga mapajani, sauti ya meneja ikituita kwenye redio.
Delroy hakuniuliza jina wala kwetu.
Alinitazama miguu.
"Cha kushoto bado?"

"Bado kinavuja."

Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye unga,
kama mtu aliyepewa salamu kutoka nyumbani.