Tanuri Halinisikii

Alqosh, Februari, Jumatatu ya mfungo wa Ninawi.
Bibi yangu Shmuni hakuwapa hata mbuzi majani mpaka adhuhuri,
kwani siku zile, alisema, ng'ombe nao walivaa magunia,
na mji uliokwisha kuhukumiwa
ukaamka asubuhi ya arobaini na moja, ukakuta bado upo.

Shemasi Hormiz alitufundisha katekisimu nyuma ya duka lake la saa.
Saa ishirini ukutani, kila moja na majira yake,
na yeye katikati, kibanio mkononi:
"Mungu habadiliki. Kinachobadilika huongezeka au hupungua.
Aongezewe nini aliyejaa? Apunguzwe nini, na nani?"
Tuliitika kwa pamoja, miguu ikitetemeka kwa baridi
chini ya benchi.

Ni Yalda, yule mwenye pengo, aliyenyosha kidole.
"Na alipokuwa mchanga, kule Bethlehemu,
hakuota meno?"
Saa moja iligonga. Nyingine ikakataa.
"Ubinadamu wake ndio ulioota."
"Na yeye mwenyewe hakuumwa ufizi?"
Siku hiyo tuliruhusiwa kwenda nyumbani mapema.

Jioni alipita kwetu kurudisha saa ya marehemu babu.
Chai haikutolewa; ulikuwa mfungo.
Bibi alikuwa ameinamia tanuri, akichoma mkate wa sisi watoto.
"Hebu niambie, Hormiz. Mji ulihukumiwa, na nabii akataja siku.
Siku ikaja, ikapita. Nani aligeuka?"
"Mji, Shmuni. Tazama tanuri lako.
Unga ukiuwahi, unaiva. Ukiusahau, unaungua.
Moto ni ule ule, haukughairi kitu."
Bibi alichomoa mkate, akapuliza vidole.
"Miaka hamsini naongea na tanuri hili.
Halijanisikia hata siku moja."

Mwaka uliofuata binti yake, Warina,
alishikwa na homa ya uti wa mgongo.
Usiku wa pili wa mfungo nilitumwa kanisani kupeleka mafuta ya taa,
nikamkuta Shemasi peke yake,
paji la uso juu ya jiwe.
Hakuwa na hoja. Alikuwa na neno moja:
"Ghairi.
Kwa mji mzima ulighairi.
Huyu ni mmoja tu. Ana kilo kumi na nane.
Ghairi."
Niliweka chupa mlangoni, nikaondoka kwa ncha za vidole.

Alhamisi tulimzika.

Nilingoja Bibi alikumbushe lile neno la tanuri.
Alikuwa na haki nalo, na ulimi wake haukuwa mvivu.
Lakini alikwenda dukani, akaketi kati ya saa ishirini
ambazo Hormiz alikuwa amezisimamisha zote,
akamminya mkono polepole, kama anayepima unga
kama umeumuka,
akasema: "Habadiliki, ndugu yangu.
Alivyompenda Jumatatu ndivyo anavyompenda leo,
hajapunguza hata punje.
Wewe ndiye uliyetufundishia watoto."
Shemasi alivua miwani.
"Nilikuwa na darasa, Shmuni. Ilinibidi niseme kitu."
Hawakuongea tena mpaka giza. Nilikuwa nimesinzia,
nilisikia tu ufunguo mdogo ukizungushwa,
na saa moja, moja tu, ikianza.

Sasa niko Södertälje. Theluji, mfungo ule ule.
Saa ya babu iko juu ya jokofu, inachelewa dakika nne;
Hormiz hakuiweza, ndiyo maana alikataa pesa.
Mwanangu ananiuliza kama Mungu huweza kubadili nia,
anauliza huku anatafuna, macho kwenye simu,
na jibu ninalo, la katekisimu, lote, mpaka nukta.
Namwambia: kula wewe, mimi ndiye niliyefunga.
Kesho hospitali watanisomea majibu ya vipimo.
Nazima jiko la umeme, nalo pia halisikii,
nageukia ukuta,
na kwa lugha ya Alqosh naanza kumsihi Asiyegeuka
ageuke.