Mla Magamba

Mita ishirini na nne, chini ya mwamba wa Bangwe,
Sebabili ananionyesha vidole saba,
kisha anajigonga paji la uso mara mbili.
Saba: mistari. Paji: nundu.
Naandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki:
Nundu, kumi na wanne.
Anatikisa kichwa. Mapovu yake
yanapanda kama ya mtu anayecheka.
Kumi na watatu.

Nahesabu upya. Wametulia kundi moja,
kama watu waliowahi msibani,
buluu na nyeusi, buluu na nyeusi,
wote nguo ya jora moja.
Yupi?

Botini, akitafuna muhogo wa kuchoma,
maji yakimchuruzika masikioni, ananieleza.
Miaka kumi na mmoja alikamata samaki wa mapambo,
akiwafunga mmoja mmoja kwenye mifuko ya nailoni
wapande ndege, wakatazamwe sebuleni kwa watu.
Siku moja tajiri alimrudishia mfuko
na kumkata ujira wa wiki.
"Nilikuwa nimemfungia mla magamba.
Anavaa kama wao, anaelea nao, analala nao,
nani amshuku?
Halafu anakuja ubavuni,
anang'oa gamba, moja tu, kwa adabu,
anarudi kundini kama si yeye.
Nguo usiitazame. Tazama mdomo,
umepinda upande."

Nikajifanya nakaza mkanda wa mtungi.

Mimi ni Butoyi.
Aliyenitangulia kwa robo saa ni Bukuru,
na kwetu Buha hilo halihitaji maelezo.
Mama alitutenganisha kwa uzi wa mkononi,
wangu mwekundu,
mpaka siku tulipojua kufungua fundo.
Shuleni nilichapwa viboko vyake.
Yeye akapeana mkono na mwalimu mkuu
kwa hesabu zangu.

Mwezi uliopita, sokoni Kibirizi,
mama mmoja alinidaka kanga:
"We! Dagaa wangu, madebe matatu,
tangu kabla ya mbalamwezi!"
Nikasema si mimi.
"Si wewe? Na huo uso umeuazima kwa nani?"
Meza nzima ya wauza dagaa ikaangua kicheko,
mizani ikaachwa ikining'inia.
Nikalipa.
Nimelipa Ujiji pia, kwa fundi cherehani,
gauni ambalo sijawahi kulivaa.
Nimemlipa kijana wa bodaboda ambaye hata hakudai,
alinyoosha tu kiganja.

Simu yake haipatikani.
Ikipatikana, inaniita mdogo wangu,
inaniuliza kama nimekula.

Tunashuka tena. Leo sihesabu mistari.
Napiga magoti mchangani, nasoma midomo,
mdomo baada ya mdomo,
na hewa inapungua, mshale unakaribia hamsini,
mpaka huyu hapa:
paji bapa, taya limeinama
kama la mtu anayezuia siri.
Anakwenda taratibu. Anapita wawili. Anachagua.
Aliyeng'atwa anaruka, anageuka,
anatafuta adui pande zote
na haoni ila nguo yake mwenyewe.
Baada ya hapo anatulia, karibu naye.
Karibu naye kabisa.

Ningeweza kugonga jiwe. Ningeweza kumtimua.
Sebabili ananitazama, mikono ameifumbata.
Naandika:
Nundu, 13.
Mla magamba, 1.
Na pembeni, herufi ndogo, pasipohitajika kitu:
gamba huota tena.

Mita tano tunasimama dakika tatu,
mwili usahau kina.
Juu yetu tumbo la boti, jua limevunjika vipande.
Napitisha kidole kuzunguka mpira wa hewa,
pole pole, kushoto, kisha kulia,
nikipima kama mdomo wangu
bado umekaa katikati.