Mshipa Usiofumba

Kazi yangu ni kubonyeza.
Watu hudhani ni kutazama,
kwamba nakaa gizani na mashine kama mtu aliye sinemani.
Kutazama ni nusu. Nusu ya pili ni mkono.

Leo, saa tisa kasoro, upepo wa Punta Arenas
ukiyavuta mabati ya paa kana kwamba yanadaiwa,
wameniletea Eduvina Mansilla kwenye kiti cha magurudumu:
miaka sitini na moja, mchambuaji wa kaa kiwandani,
soksi moja mguuni, ya pili mfukoni
kwa kuwa haikuingia.

"Ni kiatu tu," ananiambia. "Kilinibana safarini."
Safari yenyewe ni ya kumzika dada Osorno,
saa thelathini za basi kwenda, thelathini kurudi,
na kurudi alikuwa na cherehani ya marehemu
katikati ya miguu, hakukubali iwekwe kwenye buti.
Hakunyoosha goti, asije akaipiga teke.
Siku ya nne mguu ukaanza kujaa.

Fomu ya daktari Oyarzún imemtangulia.
Kigimbi kimezungushiwa futi ya kamba, sentimita kumi chini ya goti:
kulia thelathini na tano, kushoto thelathini na tisa. Alama moja.
Shimo la kidole linabaki kwenye ngozi kama kwenye unga uliokandwa. Moja.
Maumivu yakifuata njia ya mshipa. Moja.
Saratani hapana. Kulazwa hapana.
Basi halina kisanduku chake kwenye fomu,
wala cherehani.
Mwisho kabisa, alama mbili za kutoa
iwapo kuna sababu nyingine inayotosha:
Oyarzún ameandika *kiatu?*
kisha amekikata kwa mstari.

Damu ilishapimwa. Kipimo hicho ni mbwa wa jirani:
akinyamaza usiku kucha, mwenye shaka ndogo alale zake;
akibweka, huenda ni mwizi, huenda ni paka,
kidonda, mimba, uzee, homa ya juzi.
Kimebweka.
Ila kwa mwenye alama tatu
hata kingenyamaza, ningewasha mashine.

Nazima taa. Namwomba radhi kwa ubaridi wa jeli.
Kinenani vinatokea viduara viwili vyeusi, bega kwa bega,
ateri na vena.
Nabonyeza: ateri inadunda, haijali.
Vena inafumba,
kope juu ya kope, kama mtoto aliyeshiba.
Naachia, inafumbua.
Nashuka pajani, vidole viwili, nabonyeza,
inafumba. Vidole viwili tena. Inafumba.
Upepo unapumzika kidogo juu ya bati.
Eduvina anahesabu kwa sauti ya chini, sijui anahesabu nini.

Nyuma ya goti nabonyeza
na jicho linanitazama.

Ndiyo maana nikasema mkono.
Bonge la damu likiwa bado bichi
ni jeusi kwenye skrini sawasawa na damu inayotembea;
ungelitazama mpaka kesho ukasema kweupe.
Nabonyeza tena, ateri ya pembeni inabonyea,
lakini vena imekaza, imeshiba kitu kisichotaka kuondoka
na kisichopaswa kuondoka hivi hivi,
kwa maana njia yake ya juu inaishia mapafuni.

"Ni kiatu?"
Sheria inasema mjumbe ni daktari, si mimi.
Namwambia Oyarzún anakuja sasa hivi,
na nasikia jinsi neno *sasa hivi* linavyonisaliti.
Ananyamaza. Halafu anasema
chini ya sindano ya ile cherehani kuna kitambaa,
dada aliacha mshono katikati, pindo la sketi, bluu,
naye hajathubutu kuunyanyua mguu wa chuma kukitoa.

Naandika: haifumbi.
Nafuta jeli kwa taulo, taratibu, kuelekea chini,
nisikande.
Ananinyoshea soksi kutoka mfukoni, ina joto,
nami nakaa nayo mkononi,
sijui niivalishe wapi.