Saa Sita Bila Kuitwa

Mayai yamekuja kwa basi kutoka Põlva,
thelathini, ya siku nane,
yamefungwa gazeti ndani ya soksi ya sufu.
Virve anayapasua moja moja,
na chini ya darubini anachomoa, kando ya uti,
vifundo vya neva vidogo kuliko punje ya ulezi.

Tartu, Aprili. Mto Emajõgi umepanda ngazi ya tatu,
na kwenye ghala lililo chini ya nyumba yake
pampu ya kuazima inakohoa tangu Jumanne.

Visahani vinne.
Cha kwanza amekipa kikuzaji,
tone la protini la kuiambia neva: ishi.
Vitatu vingine hakuvipa kitu.
Saa sita za kungoja. Anapiga simu:
"Helgi, bado inavuta?"
"Inavuta. Lala."
Halali.

Kwenye visahani vya njaa chumvi inaingia bila hodi.
Huingia hivyo kila siku,
mlango ule haujawahi kufungwa sawasawa;
leo hakuna wa kuitoa.
Seli zinavimba. Zimekula chumvi nyingi
na umri wenyewe ni siku nane na saa sita.

Kimeng'enya kipo. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi.
Kimekaa kwenye utando wake, kizima,
kuni zimejaa jikoni,
sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani,
kazi kinayoijua tangu kabla ya yai,
na hakiifanyi.

Saa saba usiku anadondosha kikuzaji katika cha pili.
Anasoma mionzi: dakika moja. Tatu. Tano.
Sodiamu inatoka kama wanafunzi waliosikia kengele.
Kwa dakika tano hujengi pampu.
Kwa dakika tano unaamsha iliyolala.

Cha tatu alikwisha kukitilia uabaini,
sumu ya msunguti, ile ya kupaka mishale,
iliyosafiri mbali hadi ikawa unga mweupe
ndani ya kichupa chenye lebo ya Kirusi.
Kikuzaji kikabisha. Kikabisha tena.
Aliye ndani amefungwa mikono.
Namba hazikusogea hata nukta.

Na cha nne,
kilichoachwa na njaa yake mpaka mwisho,
kimesukuma nje nusu ya chumvi
bila kuitwa na yeyote.
Anahesabu upya. Ileile.
Anaiandika kwa penseli, hafuti,
na pembeni anaongeza neno moja: Nani?

Alfajiri, buti za mpira.
Helgi amesinzia kwenye ngazi, tochi mapajani,
maji yamefika kifundoni.
Waya umechomekwa. Umeme upo. Bomba halijaziba.
Pampu imenyamaza tu.
Virve anaisimamia kitambo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
kisha anaigusa kwa ncha ya buti.